Krismasi ya mlimani: maswali ambayo kikundi chetu cha Moshi huulizwa kila mwaka

Kuanzia Oktoba simu ya katibu haipumziki. Wanaopiga ni wapangaji wa Pasua, Njoro na Majengo, wauguzi, wanachuo, wastaafu, na siku hizi hata watu walioko Dar wanaotaka kuja lakini hawana pa kufikia. Majibu yafuatayo ameyaandika katibu mwenyewe, kwa hiyo ukikuta maoni yake humo usishangae. Mwenyekiti ameyasoma, akaguna mahali pawili, akayaacha yapite.

Kikundi chenu kinafanya nini hasa?

Desemba ikifika, mabasi yanashusha watu stendi ya Moshi usiku na mchana. Njia za kupanda Kibosho, Uru, Marangu na Rombo, kwenye miteremko ya Mlima Kilimanjaro, zinajaa magari ya wanaorudi kwao. Mjini kunabaki watu wasio na pa kupanda: muuguzi wa Mbeya aliyepangiwa kazi hapa, mwanachuo wa Kigoma ambaye nauli ya kwenda na kurudi inamshinda, mjane ambaye upande wa marehemu mumewe walishamfungia mlango. Huko juu nako kuna bibi mwenye migomba yake, ng'ombe mmoja zizini, na watoto wanne walioko Mwanza, Dar na ughaibuni, na mwaka huu wote wamepiga simu kusema hawaji.

Sisi tunawakutanisha. Kila mwanachama anapangiwa nyumba ya mzee mmoja, Uru au Old Moshi, na tarehe 24 anapanda kwenda kufanya kazi ambazo mtoto aliyerudi nyumbani angezifanya: kukata majani ya ng'ombe, kufagia uwanja, kuteka maji, kumenya ndizi. Tarehe 25 mnasali na kula pamoja. Tarehe 26 nyumba zote zinakutana uwanja mmoja.

Mimi si Mchaga. Nitaonekana mgeni?

Utaonekana, kwa muda mfupi. Halafu utapewa kisu na mkungu wa mchare, ndizi za kupika.

Ndizi za mtori, supu yetu ya ndizi na nyama, humenywa zikiwa mbichi, na utomvu wake una visa. Unaganda vidoleni, unageuka mweusi, na sabuni haiufanyi kitu, kwa hiyo jipake mafuta ya kupikia mikononi kabla hujagusa kisu. Kata ncha zote mbili, chana ganda kwa urefu bila kuifikia nyama ya ndizi, kisha lisukume kwa kidole gumba mpaka liachie lenyewe. Ndizi iliyomenywa inaingia kwenye maji hapo hapo, ukiiacha juu ya sinia inakuwa nyeusi. Wa kwanza atakayekuona ukiipara kama unachonga penseli ni bibi. Atacheka, atakunyang'anya kisu, atamenya mbili tatu na kukurudishia. Kuanzia hapo anakutuma kama anavyowatuma wajukuu zake, na ukichelewa kurudi na kuni utasikia jina lako likiitwa mpaka kwa jirani.

Wanachama wetu wengi si Wachaga. Mpika kiburu (ndizi na maharage) tunayemtegemea ni Mnyakyusa.

Mimi ni Mchaga lakini nimekulia Dar. Sijui hata neno moja la Kichaga, naona aibu kupanda.

Kichaga chenyewe kina lahaja nyingi. Mtu wa Machame na mtu wa Rombo wakikutana, mara nyingi wanamalizana kwa Kiswahili. Shikamoo itakufikisha mbali, na ukijua kusema *aika*, yaani asante, unapopokea kikombe, wazee wataridhika.

Swali utakaloulizwa halihusu lugha. Utaulizwa: "Wewe ni wa nani?" Hapo wengi ndipo wanaposhikwa na kigugumizi. Kabla ya kuja, mpigie simu baba au shangazi umuulize jina la babu yako, ukoo, kijiji na kanisa alikobatiziwa. Ukiwa na hayo manne, mzee aliyekaa kwenye kigoda ataanza kuhesabu kwa vidole, na kabla chai haijapoa utakuwa umeshaonyeshwa binamu wawili hapo hapo uwanjani. Imetokea zaidi ya mara moja, na mara moja ilivunja uchumba uliokuwa unachipukia kwenye kwaya. Bora kujua mapema.

Krismasi ililetwa na wazungu. Mila iko wapi hapo?

Swali hili huja kila mwaka, mara nyingi kutoka kwa kijana aliyesoma sana. Ni swali zuri.

Mapadre wa Roho Mtakatifu walifungua misheni ya Kilema mwaka 1890, na Walutheri wa Leipzig wakafika Machame mwaka 1893. Kwa hiyo Krismasi mlimani ina miaka mia moja thelathini na kidogo. Ila watu kukusanyika kwa mkubwa wa ukoo, kuchinja, kugawana nyama kwa mpangilio unaojulikana, kusikiliza mashauri ya mipaka ya vihamba, yaani mashamba ya migomba ya ukoo, hayo yalikuwapo kabla ya padre wa kwanza kupanda mlima. Baadaye kahawa ikaanza kulipa ada za shule, KNCU, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, ikaundwa mwaka 1933, waliosoma wakatawanyika kutafuta kazi, na mwisho wa mwaka ukabaki kuwa wakati pekee wa kuwapata wote. Ndiyo maana Desemba imebebeshwa kila kitu: ubatizo, kipaimara, harusi, kutambulisha mchumba, kufyeka makaburi, na kikao cha ukoo. Anayesema Wachaga wanarudi nyumbani kula nyama tu hajawahi kukaa kwenye kikao ambacho mtoto wa kwanza na kitindamimba wanabishania kihamba cha baba, na mama amekaa katikati yao kimya.

Sisi hatufanyi kikao cha ukoo, maana hatuna ukoo mmoja. Lakini tarehe 26 tunakaa kwa mpangilio ule ule, wazee mbele, na kila mgeni anasimama kusema anatoka wapi na ni wa nani. Wengine husema kwao Songea au Tarime kwa mara ya kwanza tangu wahamie hapa, na kuna mzee mmoja ambaye lazima aulize: "Na huko kwenu Krismasi mnapika nini?" Kutokana na swali lake hilo tumeshakula kande za Kipare na ugali wa muhogo kwenye uwanja wa Uru.

Mimi ni Mwislamu. Na je, Msabato? Na mlokole?

Karibuni wote. Anayechinja ni Mwislamu, jirani yetu wa Njoro, ili kila mtu ale bila wasiwasi. Kisusio, ile supu ya mlimani, kwa kuwa kina damu ya mnyama, kinapikwa sufuria yake, na mwiko wake hauingii kwingine. Mpishi atakayechanganya miiko anahamishiwa kwenye vyombo mpaka mwaka unaofuata. Wasiokunywa pombe wanapata chai ya maziwa na soda. Usiku wa mkesha, wasioenda kanisani wanabaki na sufuria, na kusema kweli hiyo ndiyo zamu yenye hadithi nzuri zaidi.

Mchango ni kiasi gani, na hela inakwenda wapi?

Shilingi 10,000 kwa mwezi, kuanzia Machi mpaka Novemba. Wanachuo wanatoa nusu. Wazee wanaotupokea hawatoi kitu, ingawa wapo wanaokasirika wakiambiwa hivyo, nao hujilipia kwa mikungu ya ndizi.

Hela inanunua ng'ombe, mchele, mafuta, sukari, na kukodi Coaster ya kupanda na kushuka. Inamlipa pia mkaguzi wa nyama, ambaye hatuchinji kabla hajafika hata kama jua linazama. Mhazini anatuma hesabu kwenye kundi la WhatsApp kila tarehe mosi, na risiti zimebanwa kwenye daftari ambalo mwanachama yeyote anaweza kuomba alione.

Hatusomi majina ya waliotoa zaidi. Tulifikia uamuzi huo baada ya ubishi mrefu, na mimi nilikuwa upande wa walioshinda. Krismasi mlimani ina ugonjwa wa kuonyeshana: nani kaja na gari gani, nani kachinja wangapi, nani kajenga. Halafu Januari inaingia na ada, sare na kodi ya nyumba, na yule aliyechinja wawili anaanza kupiga simu za kuazima. Kwetu anayeleta laki na anayeleta elfu kumi wanamenya ndizi kwenye beseni moja. Na tukijua umechukua mkopo wa kausha damu, ule wa riba kubwa, ili ulipe mchango, tunakurudishia na unakuja bure.

Sijui kuimba. Lazima niwe kwenye kwaya?

Si lazima, lakini jaribu. Mazoezi ni Ijumaa jioni kuanzia wiki ya kwanza ya Novemba. Tunatumia nota za do-re-mi ubaoni, na asiyezijua anafuata jirani yake. Sauti ya nne haitoshi miaka yote, kwa hiyo mwanaume yeyote mwenye kifua atapokelewa kwa shangwe.

Jambo moja litakuchekesha zoezi la kwanza. Walutheri na Wakatoliki wanajua tuni zile zile za Krismasi kwa maneno tofauti. Ubeti wa kwanza unaanza vizuri, mstari wa pili kila upande unaimba ya kwao kwa nguvu zaidi ili upande wa pili ujirekebishe. Tumekubaliana: Uru tunaimba maneno ya Kikatoliki, Old Moshi ya Kilutheri. Uwanjani tarehe 26 kila mtu na yake, na hapo hatuzuii.

Nataka kujifunza kupika mbege. Mnafundisha?

Tunafundisha, ila inabidi uanze mapema na uwe na uvumilivu. Mbege haipikwi siku moja.

Ndizi za pombe zinaachwa ziive kabisa, mpaka ganda lijae madoa. Zinamenywa na kuchemshwa kwenye pipa kwa saa nyingi, kuni zikiongezwa kidogo kidogo, mpaka maji yageuke mekundu na harufu ifike barabarani. Hiyo inafunikwa na kuachwa siku kadhaa ichachuke, nayo inaitwa nyalu. Upande wa pili kuna ulezi. Unalowekwa, unaoteshwa, unaanikwa, unasagwa, kisha unapikwa uji mzito uitwao mso. Nyalu inachujwa, mso ukishapoa vinachanganywa, na gome la msesewe linatiwa ili kuleta uchungu. Kesho yake pombe iko tayari. Keshokutwa ni kali. Siku ya tatu usiiguse kama una safari.

Mama anayetufundisha hatumii kipimo chochote. Anachovya kidole, analamba, anatazama juu kama anayekumbuka jina la mtu, halafu anasema "bado" au "ongeza". Kuna mwanachama mmoja, mhasibu, aliyekuja na mzani na kalamu ili aandike vipimo. Aliandika kurasa mbili, akamwonyesha. Mama alizisoma zote kwa makini, akamrudishia na kumwambia achochee moto. Mwaka uliofuata mhasibu hakuja na mzani. Anachovya kidole sasa, na hakosei sana.

Nyalu tunaianza kati ya tarehe 16 na 18. Anayetaka kujifunza aombe ruhusa kazini mapema.

Nilete nini kwa bibi nitakayepangiwa?

Sukari, majani ya chai, sabuni ya kufulia, mafuta ya kula, mchele ukiweza. Kitenge kinapendwa. Usilete nguo zako kuukuu.

Ukiondoka utapewa kitu: mkungu, maparachichi, kuku aliyefungwa miguu. Pokea. Kuna dada alikataa kuku kwa kumwonea bibi huruma, akidhani anamnyima kitoweo, na bibi yule hakuongea naye tena mpaka gari linaondoka. Kama huna pa kumfuga, mkabidhi mhazini mkishafika mjini, yeye ana banda.

Naweza kupiga picha?

Baada ya kuomba ruhusa, na kamwe usipige picha ya kukabidhi vitu. Bibi ameshika mfuko wa sukari, wewe umeshika upande wa pili, wote mnaangalia simu: hiyo tunaifuta hapo hapo. Yeye ndiye mwenyeji na wewe ndiye uliyepewa nyumba ya kwenda. Picha yenu mkiwa mnakula ni sawa. Chapisha moja umpelekee, wazee wengi wanapenda kuiweka ukutani karibu na kalenda ya kanisa.

Naja kutoka Dar. Usafiri ukoje?

Ni kama kilomita 560, siku nzima barabarani. Tiketi za Desemba zinaisha mapema, kwa hiyo kata mwezi mmoja kabla, ofisini, na si kwa wapiga debe. LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, hutoa vibali vya muda kwa magari ya ziada wakati huu, lakini gari lenye kibali linatoza nauli iliyopangwa. Ukiambiwa bei ya ajabu, omba tiketi yenye kiasi hicho hicho ulicholipa uone atakavyobabaika. Treni ilirejea Moshi Desemba 2019 baada ya zaidi ya miaka 20, na mwaka 2020 ikafika Arusha. Ni ya polepole, ila wenye watoto wanaisifia.

Tuko Arusha. Tunaruhusiwa?

Ndiyo. Ni kilomita 80 tu, na kila mwaka tunao. Njooni tarehe 23, maana 24 barabara ya kuja huku inakuwa na foleni tangu alfajiri.

Watoto je?

Waje. Wavae viatu vya matope, vuli inaweza kuwa haijaisha na njia za migombani zinateleza. Simu zinabaki mjini. Siku ya kwanza watalalamika, jioni yake utawatafuta huwaoni, wako zizini.

Nimefiwa mwaka huu. Sijui kama nina moyo wa sherehe.

Huhitaji kuwa nao. Mlimani makaburi yako nyumbani, hapo hapo penye migomba, na asubuhi ya tarehe 24 jambo la kwanza watu wanafyeka majani, wanaosha msalaba au vigae, wanaweka maua na mishumaa. Yule bibi utakayepangiwa naye huenda ana mume wake hapo nyuma ya nyumba, na mwanawe pembeni. Mtafyeka pamoja. Hakuna atakayekulazimisha kuimba, na ukitaka kulala mchana kutwa chumba cha ndani, mlango utarudishwa na chai utaletewa. Tuambie tu tukupangie nyumba yenye watu wachache.

Nimegombana na ukoo wangu. Mnaweza kunipatanisha nao?

Hapana. Hatuna mamlaka hayo, na tuliowahi kuwaona wakijaribu waliishia kugombana na pande zote mbili. Lakini yapo majani ya masale yanayoota kwenye mipaka ya vihamba, na watu wa huku wanajua maana ya kumpelekea mtu sale. Aliyekosewa akiletewa jani hilo anatakiwa amsikilize aliyelileta, hata kama bado ana hasira. Mshenga wa kulipeleka lazima awe mtu anayeheshimiwa na pande zote. Wazee wetu wawili wamewahi kuifanya kazi hiyo kwa wanachama, kimya kimya, nje ya kikundi. Kuwauliza ni juu yako, na usiwaulize mbele za watu.

Krismasi ikiisha, mambo yanaishia hapo?

Kikundi kinakaa kikao kimoja tu Januari kusoma hesabu. Ila watu wana njia zao. Kuna muuguzi anayepanda Old Moshi mara kwa mara na mashine ya presha, na anashuka na maziwa. Kuna kijana wa bodaboda ambaye bibi yake wa Krismasi alimtafutia mke. Wengine hawarudi kabisa, na si kosa.

Tunachokataza ni ahadi. Usimwambie bibi "nitakuja Pasaka" kwa sababu tu gari limeshawashwa na unaona vibaya. Ataihesabu hiyo Pasaka. Sema "aika, bibi, nimefurahi," na kama utakuja, utakuja.

Mwisho wa kujiandikisha ni lini?

Tarehe 30 Novemba, saa mbili usiku, kwa mhazini au katibu baada ya mazoezi ya Ijumaa. Hatuongezi muda. Ng'ombe tunawanunua wiki ya kwanza ya Desemba, kabla wanaotoka Dar hawajafika na kupandisha bei, na lazima tujue tunalisha watu wangapi. Ukichelewa unaweza kuja tarehe 26 uwanjani kama mgeni. Utakula, ila utakuta ndizi zimeshamenywa.